Risiva Isiyomjua Msimamizi

Jumanne, saa nne asubuhi, fundi wa ving'ora alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa nyumba ya ghorofa moja, akitafuta mahali pa kutundika risiva, kile chombo kinachopokea habari za milango na madirisha na kupiga king'ora. Mahali pa risiva hapaokotwi tu. Ukiiweka karibu na friji, chuma kinameza mawimbi. Ukiiweka nyuma ya ukuta mnene, haitasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Fundi akachagua ukuta wa katikati, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, akatoboa matundu manne. Vumbi likamwangukia mjane aliyemshikia ngazi. Hakulalamika. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa kutolalamika.

Mjane huyo alilala chumba cha uani, kile cha kuwekea majembe. Nyumba waliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali kwa tofali. Mume alipofariki, wazee wa ukoo walimteua mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa; aliyekaa ni msimamizi. Alihamia na mke, watoto na televisheni yake. Tangu hapo watu wakamwita Msimamizi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Hata sasa alikuwa kwenye kochi la marehemu kaka yake, miguu mezani, akimfundisha fundi kazi ya ufundi.

"Usalama kwanza, fundi," alisema. "Dunia imejaa wezi."

"Kweli, bosi."

"Na huyu shemeji akishahama mwisho wa mwezi, kile chumba cha uani nacho utakiwekea vijicho."

Mjane akaishika ngazi kwa nguvu zaidi. Hakuwa na pa kuhamia.

Vijicho ni vile visanduku vyeupe vinavyobandikwa milangoni na madirishani. Vikiona mtu, vinaiambia risiva bila waya wowote, nayo inapiga king'ora. Ila kwanza sharti vijulishwe kwake, kama wakwe. Fundi akabonyeza kitufe mpaka taa ya kijani ikapepesa, kisha akazunguka nyumba nzima akifungua na kufunga. Risiva ikaitika kwa sauti ya mama mtulivu: "Mlango wa mbele, nimekusikia. Dirisha la chooni, nimekusikia." Vijicho vyote tisa vikajulikana.

"Sasa mwenye nyumba aweke kidole," ikasema.

Msimamizi akajizoazoa, akaja, akaweka dole gumba kwenye kioo kidogo cha risiva.

"Huyu simjui. Mwenye nyumba aweke kidole."

Fundi akafuta kioo kwa pindo la shati. Vidole vya watu wengine vina mafuta, ni jambo la kawaida kabisa. Msimamizi akaweka tena.

"Kidole ni safi," ikasema risiva. "Mtu siye."

King'ora kikalia. Msimamizi akatoka barazani, kikanyamaza. Akaingia, kikalia. Akatoka na kuingia mara sita, kama mtu anayejaribu viatu. Fundi akachomoa plagi, kikaendelea. Akatoa betri, kikaendelea. Akaitia risiva ndani ya begi, chini ya bisibisi na nyundo, ikalia humo humo kwa sauti ya chini kidogo. Ndipo akapiga simu dukani ilikonunuliwa.

"Mwenye nyumba yupo?" akauliza dada wa dukani.

"Yupo. Ndiye anayepigiwa king'ora."

"Basi risiva ni nzima. Una swali jingine?"

Fundi akakata simu. Akairudisha ukutani. Mjane alikuwa ameanza kufuta vumbi la drili, na kidole chake kikapita kwenye kioo. King'ora kikakatika.

"Ndiye huyu," ikasema risiva.

Hakuna aliyeshtuka. Friji iliendelea kunguruma. Mke wa Msimamizi alitoa kichwa jikoni, akasema afadhali, maana kelele zile zilimtia kipandauso, akarudi zake kwenye sufuria.

Jumapili wazee wa ukoo walikuja kujionea. Fundi naye aliitwa, aje na fomu yake ya kukabidhi kazi. Msimamizi akaingia na kutoka mbele yao, king'ora kikilia kila aingiapo, ili ushahidi ukamilike. Mzee mkubwa alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Chombo kimesema kweli," alisema. "Nyumba ni ya mama huyu. Kwani nani hapa alikuwa hajui?"

Wote wakaafiki, na katibu akaandika. Chai ikaletwa, na mjane ndiye aliyeileta. Kisha wakaingia ajenda ya pili, iliyochukua saa mbili: je, Msimamizi ataingiaje ndani bila kusumbua majirani? Ikaamuliwa kwamba mjane asihame tena chumba cha uani, na asiwe anakwenda mbali. Msimamizi akashukuru. Akasema yeye hana kinyongo na mtu, shemeji ni shemeji.

Wazee walipokwenda kuvaa viatu, mjane alimsogelea fundi.

"Mwanangu, umesikia kwa masikio yako. Fomu yako ina mstari wa mwenye nyumba, na ina muhuri. Niandike mimi hapo. Nitaipeleka mahakamani."

Fundi akaitazama kalamu. Asubuhi ile Msimamizi alikuwa amemwahidi kazi katika nyumba tano za mtaa ule, zote za marafiki zake.

"Mama, mimi ni mtu wa waya tu," akajibu, jambo ambalo hata halikuwa kweli, kwa sababu mitambo yenyewe haikuwa na waya. Kwenye mstari wa mwenye nyumba akaandika: *Kifaa kinafanya kazi vizuri.* Chini yake, penye mtumiaji, akamwandika mjane: *Mzimaji wa king'ora.* Mama akaisoma fomu polepole, akamrudishia. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, akasahau hata bisibisi yake, ikabidi aifuate kesho yake.

Nyumba tano alizipata. Katika tatu kati ya hizo, king'ora kilikubali kuzimwa na mtu wa uani tu. Fundi alikwishazoea, alipofika mahali papya aliuliza kwanza nani analala nyuma, akaokoa muda.

Baada ya miezi sita alirudi kwa Msimamizi kubadilisha betri. Saa kumi na moja jioni gari likaingia, Msimamizi akakanyaga kizingiti, king'ora kikalia. Mjane akatoka uani na povu la sabuni mpaka viwikoni, akajifuta kwa kanga, akaweka kidole.

"Karibu nyumbani, mwenye nyumba," ikasema risiva.

"Asante," akajibu Msimamizi, akapita.