Siku Quill Ilipoitika

Asubuhi ya maonyesho ya kaunti, kabla farasi hawajaingia uwanjani, mtangazaji wetu, Clell Goyeneche, hupanda kibandani, hushika kipaza sauti na kuita kwa majina sehemu tunazotoka. Akishaita jina, anainua kikombe na kunywa kahawa taratibu. Watu wa mahali hapo wanatakiwa waitike kabla kikombe hakijarudi mezani. Anayeitika lazima awe amekaa huko majira ya baridi yaliyopita, mpaka theluji ikayeyuka. Aliyehamia mjini, hata kama wazazi wake wamezikwa huko, anavua kofia na kunyamaza.

Mahali pakikosa kuitika miaka miwili mfululizo, hapaitwi tena. Teague haiitwi. Sulphur haiitwi, ingawa jengo la posta bado limesimama na bundi wanalitumia.

Mwaka jana Quill hatukuitika. Moto ulikuwa umeshika vichaka juu ya bonde letu, na sisi sote tulikuwa huko na majembe na matangi ya maji. Kila mtu alijua. Clell mwenyewe alituletea maji kesho yake. Lakini asubuhi ile aliinywa kahawa yake mpaka mwisho, kwa sababu hata baba yake, aliyeita majina kabla yake, angeinywa.

Kwa hiyo mwaka huu ilikuwa lazima. Kazi ya kuitika ni ya Mjomba Rulon, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Tulipokuwa tunapakia ng'ombe wa kuuza, yule mwekundu mwenye pembe moja akambana kwenye lango, mbavu zikavunjika. Mjomba akabaki anazungumza kwa pumzi ndogo kama mtu anayepuliza chai.

"Utaitika wewe, Twila," aliniambia tukiwa ndani ya pikapu.

"Mwambie Bwana Pratt."

"Pratt na mkewe wamebaki kulinda majani ya ng'ombe. Na hata angekuja, hasikii. Clell akiita Quill, yeye atadhani anaitwa kula." Akaanza kucheka, akashika ubavu. "Usinichekeshe."

"Umejichekesha mwenyewe."

Nikahesabu kichwani. Waliokaa Quill majira ya baridi ni Pratt, mkewe, Mjomba na mimi. Hakukuwa na mtu wa tano wa kumsukumia kazi hiyo.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Dukani naonyesha kwa kidole. Shule ya Quill ilifungwa nikiwa darasa la tano, mwenzangu wa mwisho alipohama, na tangu hapo wengi ninaozungumza nao wana miguu minne. Njia nzima nilijaribu neno lile kimoyomoyo. Tupo. Ndilo alisemalo Mjomba kila mwaka, na ndilo alilosema babu yake. Nilikuwa nalisema tukishuka mlima wa kwanza, nikalisema tukikata lile ziwa kavu jeupe ambalo upepo wake unakula rangi ya magari, nikalisema tukipanda mlima wa pili. Tulipouona mji wa Kettle Butte chini, na mabati ya uwanja yanawaka jua, nilikuwa bado nalisema.

Tuliwashusha ng'ombe kwenye mazizi nyuma ya jukwaa, tukaenda kukaa. Pembeni yetu alikuwa Mama Loretta, mpika chakula wa mgodi wa Antler, yeye na watu wake wamevaa kofia za chuma.

"Rulon, nasikia ng'ombe wako amekupiga," alisema. "Na leo nani anaitika? Au tuwawekee Quill maua?"

Mjomba alininyooshea kidole.

Mama Loretta alinitazama. "Huyu? Binti, mimi nimekuuzia maandazi miaka mingi na sijui sauti yako ikoje."

"Utaijua leo," Mjomba alisema, akashika tena ubavu.

Clell alipanda kibandani. Alianza na Wapaiute wa White River, kama ilivyo desturi, kwa kuwa wao walikuwa hapa kabla kaunti haijapata jina. Wakaitika kwa ngoma, pigo moja zito ambalo nililisikia kwenye ubao niliokalia. Akaita Larrabee, na wazee wachunga kondoo wakatoa ule mlio wao mrefu wa milimani, unaopanda na kuvunjikavunjika, mpaka farasi wakainua masikio. Akaita Antler, na Mama Loretta na wenzake wakagonga kofia zao kwenye vyuma vya jukwaa. Kettle Butte wakapiga honi za magari. Hao ni wengi kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa, na hupenda tulijue hilo.

Kisha akasema, "Quill."

Nilisimama. Kikombe kilikuwa kinapanda. Jukwaa lote lilitulia. Nikasema tupo. Nadhani nilisema. Mjomba, aliyekuwa amenigusa kiwiko, hakusikia.

Kikombe kilikuwa mdomoni mwa Clell. Alikunywa polepole kuliko siku zote, naapa, lakini alikunywa. Nilimwona Mjomba akivuta pumzi ili apige kelele yeye, na uso wake ukawa mweupe kwa maumivu, pumzi ikamtoka bila sauti.

Nikawageuzia watu wote mgongo. Nikatazama upande wa mazizi, nikaweka viganja mdomoni, nikaita ng'ombe.

Ni wito wa bibi yangu. Hauna maneno. Unaanzia chini tumboni, unapanda taratibu, kisha unarushwa juu kama kamba na kukatika. Naupiga kila asubuhi ya baridi nikiwa juu ya gari la majani, na bonde letu ni refu kiasi kwamba wito ukianzia langoni kwetu, ng'ombe walio chini ya miamba huusikia. Katika hilo sina aibu. Sijawahi kuwa nayo.

Mwekundu mwenye pembe moja ndiye aliyejibu kwanza. Halafu mwingine, halafu wote, zizi zima, wakilia kwa pamoja na kusukuma mageti, maana wito ule kwao ni chakula. Mabati ya jukwaa yalitetemeka. Vumbi lilipanda nyuma yetu. Hata kondoo wa Larrabee, ambao hawajui lolote, wakadakia.

Clell alikuwa bado ameshika kikombe hewani. Alikishusha.

"Quill," alisema kwenye kipaza sauti. "Mbona mko wengi?"

Watu walicheka. Mama Loretta aliinuka. "Clell, sheria ni sheria. Hao ng'ombe walikaa huko majira ya baridi?"

"Walikaa," nilisema. "Wote. Na mimi ndiye niliyewalisha."

Safari hii jukwaa lilinisikia. Mama Loretta alinitazama, akavua kofia yake ya chuma, akaigonga kwenye chuma mbele yetu. Wenzake wakafuata. Antler walikuwa hawajawahi kumgongea mtu asiye wao.

Mjomba alikuwa amejikunja, machozi yanamtoka, anacheka na kuumia pamoja. "Nimekuambia usinichekeshe," alinong'ona.

Clell alitaka kuita mahali palipofuata, lakini ilibidi asubiri. Ng'ombe wetu hawakunyamaza mpaka nilipoenda kuwapa majani.

Mchana waliuzwa, isipokuwa mmoja. Mnunuzi alimtaka na bei haikuwa mbaya, lakini Mjomba alikuwa ameshasimama mbele ya geti, mkono mmoja kwenye mbavu.

"Huyo hauzwi," alisema. "Huyo ameitika."

Tulirudi jioni na trela tupu, mwekundu peke yake ndani, pembe yake moja imetokeza kwenye ubavu wa trela. Tulipofika juu ya mlima wa mwisho, bonde likafunguka mbele yetu, na taa mbili za nyumba ya Pratt. Nilishusha kioo cha dirisha.

Sikuita. Nilitaka tu kulitazama bonde.