Anayecheka Anafagia

Mgeni aliingia bila hodi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kucheka.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi na hakuna aliyemtarajia mtu mwingine. Ndani ya saluni walikuwa watu watatu tu. Kulikuwa na kinyozi mwenyewe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Mkasi. Kulikuwa na Mzee Sementi, fundi mwashi mstaafu, aliyekaa kwenye kiti cha kunyolea akiwa na povu hadi masikioni. Na benchini alikuwepo Breki, dereva wa lori, akingoja zamu yake kwa utulivu wa mtu ambaye lori lake limelazwa gereji. Mzee Sementi alikuwa anasema Kiingereza. Alikisema kwa sauti, kifua mbele, kama anayepanga tofali juu ya tofali:

"In the morning I wake up, I get up, I put on my shirt, and I cope up with the cold!"

Hapo ndipo mgeni alipoangua kicheko. Alikuwa amesimama mlangoni na suti ya kijivu na tai nyekundu, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Mzee Sementi akanyamaza. Hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka chini ya kitambaa cheupe alichofungwa shingoni, na Dada Mkasi aliyaona yakishuka. Akaweka wembe. Akaenda kwenye kona, akachukua ufagio, akarudi nao na kumnyooshea mgeni.

"Karibu, kaka. Hapa kwetu anayecheka anafagia."

Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba hicho. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni, haruhusiwi kusema ila kwa Kiingereza, kiwe kimenyooka au kimepinda, mpaka kitambaa kifunguliwe. Walio benchini wanaweza kusahihisha, wanaweza kubishana mpaka mishipa iwatoke, lakini hawaruhusiwi kucheka. Ukicheka, nywele zote zilizo sakafuni ni zako.

Dada Mkasi aliianzisha sheria hiyo baada ya kuwasikiliza wateja wake wakilalamika. Shule walikwenda. Barua ya ofisini wangeweza kuisoma wakaielewa. Lakini mtu akiwaambia "hang on", yaani subiri kidogo, walibaki wakitafuta pa kuning'inia. Kiingereza cha watu wanaoongea, kile chenye vineno vidogo vinavyogeuza maana ya kitenzi kizima, hakuna aliyewafundisha. Yeye mwenyewe alikiokota kwenye televisheni na redioni, na kwa wageni waliowahi kuketi kwenye kiti kile, akakifundisha kwa vifaa alivyokuwa navyo. Neno "cut" peke yake lilimchukua mwezi mzima, mkasi mkononi: ukilitia 'down' ni kupunguza, ukilitia 'in' ni kudakia maneno ya mwenzio, ukilitia 'off' simu imekatika.

"Nifagie?" mgeni akauliza. "Wewe unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Ila umecheka."

"Shika tu, kaka," Breki akamshauri. "Mimi nimefagia hapa mpaka mke wangu akaniuliza nimepata kibarua gani."

Mgeni hakuushika. "Mimi ndiye niliyenunua jengo hili," akasema. "Na kumudu jambo, sahihi ni 'cope with'. Hiyo 'up' haipo. Unawafundisha watu uongo, dada."

Uso wa Dada Mkasi ukawaka moto. Alijua papo hapo kwamba mtu yule amesema kweli. Angeweza kubisha, maana benchi lilikuwa upande wake, lakini hakubisha.

"Ahsante," akasema. "Mzee, ile 'up' ya mwisho ifute."

"It is finished," Mzee Sementi akajibu ndani ya povu.

"Sasa kosa langu nimelisahihisha, kaka. Bado lako." Na ufagio ukabaki hewani kati yao.

Mwenye nyumba mpya, ambaye kabla ya jua kuzama mtaa ulishamwita Bwana Tai, aliuangalia ule ufagio kama mtu anayeonyeshwa nyoka. Kisha akaeleza kilichomleta. Ghorofani anafungua chuo cha Kiingereza. Hataki chini ya chuo chake pawe na watu wanaopiga kelele za Kiingereza kilichovunjika miguu, wapita njia wakadhani ndio wanafunzi wake. Dada Mkasi anaweza kubaki na chumba chake, hana ugomvi naye. Zaidi ya hapo, atampa nafasi darasani bure, ajifunze kama watu. Ila huu mchezo wa kiti ukome.

"Jumamosi nitapita nipate jibu. Kama ni hapana, utahama."

Akaondoka.

"Binti yangu," Mzee Sementi akaanza, "mkubalie tu yule. Mimi..."

"Kitambaa bado kiko shingoni, mzee. Sema kwa Kiingereza."

Mzee akafikiri, povu likimkauka shavuni. "I get out of your hair," akasema.

Ni usemi wa kumwambia mtu kwamba hutamsumbua tena, na mzee aliupenda kuliko yote kwa kuwa umetaja nywele. Breki alijikaza, akashindwa, akavunjika mbavu. Kisha akainuka mwenyewe bila kuambiwa, akaufuata ufagio.

Lakini Dada Mkasi hakucheka. Alijua kwa nini mzee yule, na goti lake bovu, alikuwa akija kukaa kwenye kiti hicho hata siku ambazo kidevu chake hakikuwa na unywele hata mmoja.

Mwanawe aliishi nje na alikuwa ameoa huko huko. Mkwe alijua Kiingereza peke yake, kwa hiyo kila walipopigiana simu, mwana alikaa katikati akitafsiri. Mzee alizungumza mpaka mate yakamkauka, habari za nyumba, za goti, za jinsi anavyowaombea kila alfajiri. Mwana alimgeukia mkewe, akatamka maneno mawili, kisha akarudi: "Nimemwambia unamsalimia, baba." Sasa mkwe huyo alikuwa amefiwa na mama yake, na Mzee Sementi alitaka kumpa pole kwa mdomo wake mwenyewe.

"Pole nayo imewekwa wapi kwenye lugha ya hawa watu?" alimuuliza Dada Mkasi siku alipomweleza. "Hiyo 'sorry' ni ya mtu aliyekukanyaga kwenye foleni."

"Wanasema 'sorry for your loss', mzee."

"'Loss' ni ya duka! Mama wa mtu si gunia la mchele."

Wakahangaika pamoja, wakitafuta maneno ya kawaida ambayo mtu anaweza kumwambia mtu wa nyumbani. Kidogo kidogo yakapatikana machache. Ikapangwa kwamba Jumamosi asubuhi, mwana atakapokuwa kazini na mkwe yuko peke yake nyumbani, mzee atapiga simu yenye picha akiwa hapo hapo kitini, amenyolewa vizuri.

"Hofu yangu ni moja," alisema. "Nikikatizwa katikati, maneno yote yatamwagika. Siyaokoti tena."

"Hakuna atakayekukatiza. Nakuahidi, mzee wangu. Mpaka uage mwenyewe."

Ahadi hiyo aliitoa kabla ya kumjua Bwana Tai.

Wiki hiyo Dada Mkasi alinyoa watu mawazo yakiwa mbali. Chumba kile alikipanga marehemu baba yake. Baba alipougua, yeye ndiye aliyeacha masomo akaushika wembe, na wanaume waliokuwa wakimkwepa kwa kuwa ni mwanamke walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, wakakuta mkono wake ni mwepesi. Akihama hapo ataanza upya wapi, na nani atamfuata? Tena kulikuwa na lile darasa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu alilitaka. Alitaka kukaa kwenye dawati na kuambiwa na mtu anayejua kipi ni kipi, asije akawapotosha tena watu waliomwamini.

Ijumaa alimwambia Breki kwamba amekata shauri.

"Nitamkubalia."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtanyolewa kama kawaida."

"Kunyolewa hata mke wangu ananinyoa, dada," Breki akasema. Akavaa kofia yake akatoka, na kwa mara ya kwanza hakusema kwaheri.

Jumamosi Mzee Sementi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Breki naye alikuja, amenuna, akakaa benchini kama mlinzi. Dada Mkasi alimnyoa mzee taratibu, akamfuta, akaiegemeza simu kwenye kioo. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mzee aongee na mkwe wake, amalize, kisha Bwana Tai akija apewe ndiyo yake, na mambo yaishe.

Mkwe alitokea kwenye kioo cha simu, uso umevimba kwa kulia. Mzee alimsalimia kwa Kiingereza. Mwanamke yule akashangaa, akamtafuta mumewe pembeni kwa mazoea, kisha akaelewa kwamba leo hakuna mtu wa katikati. Akausogeza uso karibu. Mzee akamuuliza kama amekula. Akamuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Na mwanamke yule akaanza kusimulia, polepole ili baba mkwe amfuate, na mzee akawa anaitikia "yes, my daughter", "go on, my daughter", endelea, endelea.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Tai aliingia pamoja na fundi aliyeshika futi ya kupimia.

"Jibu langu?"

"Ngoja kidogo, kaka," Dada Mkasi akanong'ona. "Mzee akimaliza utalipata."

"Ndiyo au hapana? Nina watu wananingoja."

"Nilikuwa nimeamua kukubali..."

"Vizuri. Basi marufuku ianze sasa. Mwambie azime hiyo simu." Hakuwa ameshusha sauti hata chembe. "Sitaki tuanze kwa kuvutana."

Mkwe aliacha kusimulia. Aliuliza kama baba bado yupo. Dada Mkasi alimtazama mzee kwenye kioo, akayaona yale mabega yameanza kushuka tena. Kisha, bila kugeuka, Mzee Sementi akasema kwa sauti ya mtu anayemwondoa mwanafunzi wake chini ya jukwaa la ujenzi:

"Back off, please."

Yaani rudi nyuma, tuache. Breki aliuma mkono wa shati lake asicheke.

Mkwe akauliza kuna nani hapo. "It is the landlord," mzee akamweleza. "He is in a hurry. I am not."

"Umeona?" Bwana Tai alimgeukia Dada Mkasi. "Hizo ndizo adabu mnazofundishana humu?"

"Hilo sikumfundisha mimi, ila amelitumia vizuri." Akajisikia mwepesi ghafla, kama mtu aliyetua ndoo. Akaenda mlangoni akaufungua wote. "Kaka, Kiingereza chako kimenyooka kuliko changu, hilo sibishi. Na darasa lako nalitamani, sikufichi. Lakini yule ni mzee anampa pole mwanawe, na mimi nilimwahidi kwamba hakatizwi. Jibu ni hapana."

"Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

"Utakipata. Sasa hivi tupishe."

Bwana Tai alimkazia macho, akangoja ayashushe. Hayakushuka. Akatoka, na fundi wake akamfuata, akitembea kwa vidole kama mtu anayepita penye msiba. Dada Mkasi akasimama kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye kila upande wa fremu. Mteja mmoja akaja na kichwa kilichofuga nywele. Akamtikisia kichwa, arudi baadaye.

Nyuma yake sauti ya mzee ilianza tena, ikafika mahali, ikakwama. Alikuwa anatafuta ile sentensi waliyoihangaikia pamoja. Dada Mkasi aliijua yote, ilikuwa imemjaa mdomoni. Neno moja tu lingetosha kumvusha. Lakini aliahidi kwamba hakuna atakayemkatiza, na ahadi hiyo ilimhusu hata yeye. Akaumeza ulimi wake.

 Breki aliinama mbele pale benchini.

"When you fall," Mzee Sementi akasema hatimaye, na hiyo haikuwa ile sentensi, ilikuwa ya kwake mwenyewe, "I am wall. You understand, my daughter? I am wall for you."

Kwenye simu mwanamke akalia, kilio cha mtu aliyepata pa kuegemea. Benchini hakuna aliyecheka.

Nje, Bwana Tai na fundi wake walikuwa wameanza kupima dirisha la saluni, futi ikigonga kioo, tarakimu zikitajwa kwa sauti ya makusudi. Dada Mkasi alizisikia zote. Hakugeuza shingo. Mzee alikuwa na mengi bado ya kusema, habari za nyumba, za goti, za alfajiri, na aliyasema yote bila kuruka hata moja, naye alibaki amesimama pale mlangoni mpaka mzee alipoaga mwenyewe.