Vifungo vya Koti la Kipsang

Jeruto alitoboa matundu kwenye kitako cha ndoo ya rangi kwa msumari uliopashwa moto, akaipachika juu ya ndoo nyingine ya kupokea maji. Akatandika magazeti yaliyoloweshwa na kukamuliwa, kisha samadi kavu ya ng'ombe. Nyungunyungu alipewa na kina mama wa kanisa hapo Kitale, waliokuwa wakiwafundisha watu waliohama mlimani kama yeye namna ya kupata mbolea mahali pasipo na shamba. Aliwamwaga juu ya samadi, wakazama wenyewe. Akafunika kwa gunia.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Mwaka uliotangulia, wanaume wenye bunduki walimpakia mumewe, Kipsang, kwenye lori pamoja na wanaume wengine wa kijiji. Lori lilirudi tupu. Kwenye ofisi ya polisi walisema Kipsang ametoroka. Aliyetoroka hajafa, kwa hiyo hakukuwa na cheti cha kifo, na bila cheti shamba lao la mlimani lilibaki kwa binamu yake Kipsang, aliyelilima akisema anamtunzia.

Nyungunyungu walikula vizuri. Aliwapa maganda ya viazi na ndizi na majani ya chai. Vitunguu na ndimu aliwanyima. Mbolea ilipoiva aliimimina juani ili wakimbie mwanga wazame chini, akaanza kukwangua ya juu. Ilikuwa nyekundu, rangi ya udongo wa mlimani. Ndani yake mlikuwa na kifungo cha koti la Kipsang, kikiwa bado na uzi wa kijani aliokishonea mwenyewe alipokosa uzi mweusi.

Roselyne, jirani yake kutoka Sirisia aliyeuza mboga, alisimama na beseni kichwani.

"Jeruto, umewalisha nini?"

"Maganda tu."

Roselyne alichungulia ndooni. "Basi hawa wanatoka. Wanatembea mbali, bana."

"Na wanarudi," Jeruto alisema.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa na kifungo kingine na bizimu ya mshipi. Kisha likaja jino la mbele lililovunjika pembe siku Kipsang alipofungulia nalo soda kwenye harusi yao. Jeruto aliliosha, akaliweka kwenye glasi, akaketi kando ya ndoo mpaka chai yake ikaota utando. Jioni hiyo alinyoa nywele, kama wanyoavyo wajane.

Habari zilifika Endebess. Wanawake wakawa wanakuja baada ya ibada, kila mmoja na kipande cha nguo ya mtu wake aliyepotea. Sandra alileta ukosi wa shati la kaka yake. Jeruto aliuchana, akaulowesha, akaufukia chini ya maganda. Zamu ya Sandra ilipofika ulitoka msalaba mdogo wa shaba aliokuwa akiuvaa kaka yake. Aliuvaa papo hapo, akauliza kama anaweza kuwaletea nyungunyungu majani ya migomba.

Jeruto alifunga jino na vifungo kwenye leso, akaenda ofisini. Afande aliyeshika faili la Kipsang alivipanga mezani kwa kidole.

"Nani amevileta?"

"Nyungunyungu."

Afande aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeshaambiwa.

"Sasa mama, mtu si anaweza kung'oka jino na bado akatoroka?"

"Anaweza."

"Ndiyo hivyo." Alimsukumia leso. Jeruto alipofika mlangoni, akamwita tena, kwa sauti ya chini. "Hao wadudu, wanaenda chini kiasi gani?"

"Mpaka penye watu."

Afande alitazama miguu yake mwenyewe chini ya meza, kisha akamwambia afunge mlango.

Mvua zilikuja. Binamu alipanda mahindi kwenye shamba la Kipsang, yakastawi kuliko ya majirani wote. Jeruto alinunua koti la mtumba, akawa anashonea vifungo kadiri vilivyofika. Kilipofika kifupa cha kidole, alikishonea ndani ya mfuko.

Asubuhi moja afande yule alikuja nyumbani na askari kijana, kwa kuwa jina la Kipsang bado lilikuwa la mtu anayetafutwa. Jeruto aliwapa stuli.

"Mama, bwana yako amesharudi?"

"Anarudi," Jeruto alisema. "Kidogo kidogo."

Afande alilitazama lile koti lililotundikwa ukutani, bega moja likiwa limeanza kujaa. Alisimama, akavaa kofia.

"Akimaliza kufika," alisema, "mwambie aje aripoti."

Jeruto alisema atamwambia. Aliwasindikiza hadi kwenye lango, akarudi kuwakatia nyungunyungu maganda ya viazi.