Wino wa Mashini ya Bwana Lambert

Wazungu wa kamati walikuwa wafike kwa Kalala Jumamosi saa tisa, kukagua kama anaishi kistaarabu. Wakiridhika, angepewa karata, cheti cha mtu aliyestaarabika, na kwa karata hiyo binti yake Henriette angeingia shule ya Kizungu, kwa masista. Bila karata, asahau. Ndivyo mambo yalivyokuwa miaka ile ya ukoloni: mtu mzima, baba wa watoto, afunuliwe vyungu na kuchunguliwa choo ili mtoto asome!

Majirani wa mtaa wa Manika walimcheka, wakimwita muzungu mweusi. Mkewe Ngalula hakuwajali. Alipiga pasi kitambaa cha meza, akapanga uma na visu.

Jumamosi yenyewe saa sita, wenzake wakitoka ofisini, mkubwa wake, Bwana Lambert, akamzuia. "Kalala, mashini inakufa. Tengeneza kwanza, utaenda kisha."

Ilikuwa ile mashini ya kujumlisha, ya kuvuta mkono. Utepe wake wa wino, nusu mweusi nusu mwekundu, ulikuwa umejisokota ndani, na karatasi ilitoka na tarakimu nusunusu. Mle haliingii koleo, ni vidole tu. Kalala akauchomoa utepe, akasafisha vyuma vya kupigia tarakimu kimoja kimoja, akavuta mkono hadi hesabu ikatoka safi. Lambert akampigapiga begani, akamwita rafiki.

Nyumbani alisugua vidole kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli. Wapi! Wino ule ulitengenezwa usifutike.

"Usiogope, tata," Ngalula alimwambia, akimwita baba kama mtoto wao. "Bwana Lambert si eko mu kamati? Ye mwenyewe atasema."

Kweli, Lambert alikuja nao. Walikagua vitanda, wakafunua vyungu, kisha wakaketi kumtazama Kalala akila kwa uma. Mwenyekiti akaviona vidole.

"Unakula na mikono ya buchafu?"

Kalala akamgeukia Lambert. Kujitetea mwenyewe kungekuwa kumshitaki mkubwa wake mbele ya Wazungu wenzake, na kazi ingekwenda pamoja na karata. Akangoja. Lambert aligeuzageuza kofia yake magotini.

"Kalala," akasema mwishowe, "kwako haina sabuni?"

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Lakini punda hakuiti rafiki kwanza.

Wageni walipoondoka, Henriette akatoka chumbani, amevaa viatu vipya vya shule.

"Balisema nini, tata?"

"Vua viatu, mama," Kalala akamjibu. "Visichakae bure."