Kiti cha Mkubwa wa Kesho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, pale Bwana Itifaki alipoinua macho akauona ubao wangu.

Laiti angekuwa mtu wa kutazama chini. Lakini wenye vyeo hawatazami chini, ndiyo maana wanatukanyaga. Ubao ulikuwa juu ya kenchi za karakana, umelala miaka mitatu: mninga mtupu, futi sita kasoro kidogo, hauna fundo hata moja.

"Na ule?" akauliza.

"Ule una mwenyewe."

"Nani?"

"Marehemu mke wangu."

Akatikisa kichwa kwa heshima, lakini macho hayakushuka.

Mke wangu alisimama kwenye korido ya zahanati tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, mkono mmoja ukutani, kwa sababu korido nzima haikuwa na benchi. Sisemi kusimama ndiko kulikomuua. Nasema alisimama, na mumewe ni seremala. Jioni ile aliniambia, "Baba watoto, ukipata ubao mzuri wapelekee benchi." Alisema huku akicheka, kama anayemtania fundi ambaye kwake kigoda kinayumba. Hakumaliza mwezi. Ubao nikaupata. Zahanati wakasema hawapokei samani bila kibali. Nikaenda kuomba kibali, nikaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho sasa ina miaka mitatu.

Bwana Itifaki, ambaye kazi yake ni kupanga nani akae wapi wakubwa wanapokutana, alikuja na shida. Kulikuwa na mkutano wa kuzungumza ni taifa lipi litakalotawala dunia miaka thelathini ijayo. Wakubwa wetu walitaka kulijua mapema ili waanze kuliamkia mapema. Viti sita vya wageni walikuwa navyo. Kilitakiwa cha saba, cha mgongo mrefu, cha huyo mkubwa wa kesho. Mbao zake zilitoka bohari zikapotelea njiani, na njiani hapakuwa na mtu ila wao.

"Nipe ubao ule," akasema, "nami nitampenyezea mkubwa neno. Zahanati itapata mabenchi kumi. Kumi, Fundi! Na kibali juu yake."

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kati ya moja na kumi najua kipi kikubwa. Nikapanda ngazi, nikaushusha.

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, anashona mito ya makochi chumba cha pili. Ukuta kati yetu ni wa mabanzi niliyoyagonga mwenyewe, kwa hiyo husikia yote na hujibu asiyoulizwa.

"Shemeji," akaita, "si wewe uliyesema serikali ikikwambia mvua inanyesha, utoke kwanza unyooshe mkono?"

"Mabenchi kumi, shemeji."

"Haya. Lowa."

Jumanne hiyo mkubwa wa kesho alikuwa China. Bwana Itifaki alisema kamati imekaa, imeona viwanda vyao, imekubaliana.

"Mchina kiti atakuja nacho mwenyewe," shemeji akasema, "na akiondoka atakuwa ameshakuuzia wewe viwili."

Nikakata. Miguu, mgongo, mikono, kikalio. Kipande kilichobaki nikakipima: futi tatu. Si benchi la kujivunia, ila watu wawili waliopatana wangekaa. Nikakirudisha kenchini, nikamwambia mwenye ubao asihofu, kumi yanakuja.

Alhamisi Bwana Itifaki akarudi anahema. Kamati imekaa tena. Ni India. Watu wengi, vijana wengi, na hesabu wanazijua tangu tumboni. Ila mjumbe wao ni mfupi, miguu ya kiti ipunguzwe inchi tatu, asije akaning'inia mbele za watu. Nikapunguza.

Jumamosi ikawa Brazili. Ardhi, mito, chakula cha kulisha dunia. Mjumbe wao ana mwili, kiti kipanuliwe. Kupanua maana yake nini? Maana yake ngazi, kenchini, kile kipande cha futi tatu. Nikakipasua. Kila taifa lilipopanda, ubao wangu ulishuka.

"Shemeji, msikilize mke wako," sauti ikatoka ukutani. "Anacheka huko aliko."

"Mabenchi kumi."

"Hayo kumi umeyaona? Yana miguu mingapi?"

Jumatatu ikawa Naijeria. Vijana ni wengi, mafuta wanayo, na kelele za kutosha kusikika dunia nzima. Mjumbe wao ni mrefu kama mlingoti. Miguu irefushwe.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mguu uliokatwa haurefuki. Hiki ni kiti, si hotuba."

Nikachonga vipande vinne vya kuvalisha miguu, navyo vikamaliza ubao. Shemeji alipokuja kupigilia mto wa kitambaa chekundu, akakizunguka kiti mara mbili. "Kimevaa viatu vya kisigino," akasema. "Kinaenda wapi, shemeji, kutafuta mchumba? Angalau kimekushinda wewe, hujatoka kutafuta."

Kisha akamgeukia Bwana Itifaki, aliyekuwa akipaka rangi namba ya serikali chini ya kikalio. "Mheshimiwa, na sisi je? Kwenye orodha yenu hatumo?"

"Sisi ndio wenyeji, mama."

"Mwenyeji anakaa wapi?"

"Mwenyeji hakai. Anasimama anapokea wageni."

Nikaacha kupiga msasa.

Mkutano ulikuwa Jumatano. Niliwekwa mlangoni na nyundo mfukoni, iwapo mguu ungecheza. Wajumbe walikuwa sita: wale wanne, na Mwindonesia, na Mmarekani. Mkubwa wetu akanyoosha mkono kuelekea kiti changu akasema, "Waheshimiwa, anayejijua kuwa ndiye mkubwa wa kesho, karibu."

Wakatazamana. Mchina akasema yeye bado anaendelea, wenzake watangulie. Mhindi akasema mgongo unamsumbua, viti virefu daktari amemkataza. Mbrazili akapenda zaidi upande wa dirishani. Mwindonesia akatabasamu tu, akakaa kwenye kiti cha kawaida kilichokuwa karibu naye. Mnaijeria akacheka ukumbi mzima ukageuka, akasema, "Kaeni kwanza tuwaone." Mmarekani alikitazama kiti kile kama mtu anayepita akakuta wanapima kaburi lake.

Hakuna aliyekikaribia. Si kwamba hawakukitaka, macho nayajua mimi, nimeuza samani maisha yangu yote. Kila mmoja aliogopa wale watano wangemtazamaje akishakaa. Wakakaa kwenye viti vyao sita. Na kwa kuwa cha saba hakikuwa chake, mkubwa wetu akasimama. Alisimama saa tatu nzima, akihamisha uzito mguu huu na ule, mkono mmoja ukutani. Mungu anisamehe, niliona raha.

Walipotoka nikamshika Bwana Itifaki koridoni. "Mabenchi?"

"Faili liko mezani, Fundi."

"Kwa nani?"

"Kwa mkubwa. Akipata nafasi ya kukaa, atalisoma."

Ijumaa gari likanirudishia kiti. Dereva alisema ameambiwa akirudishe kwa aliyekitengeneza, kinagombanisha wakubwa. Nikachukua patasi nikivunje, nitoe benchi langu humo. Nikapima kila kipande. Kirefu kuliko vyote hakikufika futi mbili.

Shemeji akaja akasimama mlangoni, mkono kiunoni, sindano mdomoni. Aliitoa.

"Benchi hilo atakalia kuku," akasema. "Tena awe kifaranga."

Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye maranda. Sauti yake ikashuka. "Inuka, shemeji. Alitaka mtu akae, basi. Hakusema wangapi. Shika mgongo, mimi nashika miguu."

Tukakibeba barabarani mchana kweupe. Fundi viatu akauliza nani kapinduliwa. Muuza magazeti akasimama wima akatupigia saluti. Shemeji akawaitikia kwa kupunga mkono kama malkia, mpaka nikanusurika kuanguka nacho.

Muuguzi wa zamu akatuzuia mlangoni. "Kibali?"

Shemeji akakipindua kiti, akamwonyesha namba ya serikali. Muuguzi akaisoma mara mbili. "Ah, kumbe ni chetu," akasema. Miaka mitatu ya kuja kesho, na kumbe ilikuwa kazi ya kopo la rangi.

Tukakiweka pale pale aliposimama mke wangu, chini ya dirisha la korido. Ukutani pana doa la weusi, usawa wa bega, la mikono ya watu. Foleni ilikuwa ya watu kama thelathini. Wakakitazama kiti: mgongo mrefu, mto mwekundu, visigino.

Hakuna aliyesogea.

Mama mjamzito akamwambia mzee wa mkongojo, "Kaa, baba." Mzee akasema yeye amezoea, akae yule mwenye mtoto anayeungua homa. Mwenye mtoto akasema mwanawe hulia akikaa, akae kijana aliyefungwa bendeji mguuni. Kijana akaona haya kukaa mbele ya mzee. Wakarudi mwanzo, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, na wa nyuma wakaanza kuuliza kwani waliofika mapema si ndio wenye haki.

Muuguzi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekileta. Sema wewe."

"Mimi? Mimi ni seremala tu. Kuna wakubwa wenu hapa."

"Mkubwa yuko semina."

Shemeji akaniegemea bega, akanong'ona kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. "Miaka mitatu nakusikia ukutani ukilalamika kwamba wanaogawa hawajui kugawa. Haya, shemeji. Leo kugawa ni kwako."

Nikamtazama mjamzito. Nikamtazama mzee, na mtoto mwenye homa, na kijana. Wote walikuwa wananitazama mdomoni, kama sisi tunavyowatazama wakubwa. Nikaweka mkono ukutani, kwenye lile doa.

"Fundi," muuguzi akasema, "kiti ni kimoja. Nani akae?"