Chombo Alichokiosha Mama

Chombo cha maua cha Kichina kilikaa juu ya kabati yetu pale Kiuu tangu nikiwa mdogo. Baba yangu, Dalmas, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mzee huko Ruiru, na Mzungu alipohama alimwachia chombo hicho kama asante. Kilichorwa kware wawili na maua mekundu, na shingoni kilikuwa na utepe wa dhahabu. Moshi wa jiko ulikuwa umekifunika, nasi tulikitilia maua ya plastiki.

Baba alipofia hospitalini Thika, tulikwama. Sisi ni watu wa Ugenya, mbali huko magharibi, na mzee mwenye boma lake hazikwi kwenye makaburi ya umma kama mtu asiye na kwao. Gari la kumsafirisha lilitushinda. Harambee iliishia kwa ahadi za watu wanaopenda kusikika kwenye WhatsApp, na wapuuzi wale nawakumbuka mmoja mmoja. Nikapiga chombo picha, nikakitangaza mtandaoni. Warigia, mama anayeuza vitu vya kale mjini Thika, akapiga simu siku hiyo hiyo. Bei aliyotaja ingemfikisha Baba nyumbani.

"Msikiguse," alisema. "Nakuja kesho asubuhi."

Nilimwambia Mama asikiguse. Lakini kumwambia mama yangu Awiti asiguse kitu kichafu ni kumwambia asipumue. Kazi yake ni kuosha nyumba mpya za kupangisha huko Mugutha kabla wapangaji hawajaingia. Simiti na rangi zilizomwagikia vigae huzitoa kwa asidi na stilwaya ya kusugulia, na makontrakta humsifu.

Asubuhi niliporudi kutoka dukani na mkate wa mgeni, chombo kilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, cheupe pepepe. Kware hawakuwapo, wala maua, wala dhahabu.

"Sasa inakaa kitu ya kuuzia mtu," Mama alisema. "Mgeni hapewi chombo iko na masizi."

Nilitaka kulia. Lakini uso wake ulikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaenda kukata mkate.

Warigia alipofika alikishika, akakizungusha polepole, kisha akaniangalia. Nikatikisa kichwa kidogo. Mungu ambariki yule mama wa watu, alielewa. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Mum, pole sana. Mteja wangu amejitoa. Lakini mmekiosha vizuri."

"Ni mimi nilikiosha," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Tulimzika Baba Thika. Nililia mbele ya watu wote, na sikujali. Watu walipoanza kutawanyika, Mama alitoa chombo mkobani, akapiga magoti, akakijaza udongo wa kaburi kwa mikono yake. Udongo huo ungezikwa bomani Ugenya, kando ya nyanya yangu. Ndivyo kwetu hufanywa mtu anapobaki ugenini.

Jioni, kwenye stendi, makanga alitaka kukitia chombo kwenye buti la basi.

"Huyu hakai kwa buti," Mama alimwambia. "Huyu atakaa na mimi."

Alikipakata, akapangusa kwa pindo la leso udongo ulioshika mdomoni mwa chombo.

"Unaona, Odongo," akasema. "Kumbe nilikuwa namuoshea baba yako."