Aliyekataa Kuapa

Mume wangu hakuwa akishuka kisimani mpaka mshika kamba aape. Ndivyo alivyofanya kazi tangu nimjue: fundi wa visima, na huko juu awepo mtu aliyetamka mbele ya Mungu kwamba haachii. Siku hiyo mshika kamba wake alikuwa mgonjwa, mume wangu akamwita mdogo wangu wa kiume. Nyumbani tulimwita Mwalimu kwa kupenda kwake vitabu, na siku hizo alikuwa anasema waziwazi kwamba haamini kuna Mungu.

"Apa," mume wangu alimwambia, kamba tayari ameifunga kifuani.

"Kwa nani, shemeji? Nikiapa kwa nisiyemwamini nitakuwa nakudanganya. Nimeshasema siachii."

"Wewe ukijikwaa unamwita nani?"

"Naangalia nilipokanyaga."

Nilicheka, nikanyamaza haraka, maana mume wangu alinitupia jicho. Jicho lile hutangulia kipigo. Kifundo cha mkono wangu kilikuwa bado kimevimba kwa kosa la kuzidisha chumvi. Mdogo wangu alikiona alipofika, akauliza, nikamwambia nilianguka. Akanyamaza, na ule unyamavu wake ukanitia hofu, maana kimya kingi kina mshindo. Nikawaza: mtu asiyemwogopa Mungu, ameshika kamba ya anayempiga dada yake, kitamzuia nini?

Kisima chetu cha uani kilikuwa kimefunikwa kwa muda mrefu. Mdogo wangu alitaka kwanza tushushe mshumaa unaowaka. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya.

"Mshumaa ni wa wasio na Mungu," mume wangu akasema. Akaomba dua fupi, akashuka.

Tulisikia koleo likikwangua tope, kisha likaacha. Tukaita. Hakujibu. Kamba ikakaza kwa uzito wa mtu asiyejisaidia.

Mdogo wangu akaanza kuvuta. Kapi lililia juu yetu, kamba ikapanda kidogo, ikateleza ikarudi, ikamchuna viganja.

"Dada, shika!"

Sikushika. Kila alfajiri nilikuwa nikimwomba Mungu anitoe mikononi mwa mtu yule, na sasa niliona jibu limekuja. Niliogopa atakufa. Niliogopa zaidi atapona. Na niliogopa kuingilia kazi ya Mungu.

"Tumwachie Mungu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

"Mungu wako hajashika kamba hii!" Alikuwa anahema, damu ikimchuruzika mpaka kwenye viwiko. "Tupo mimi na wewe tu. Anakufa huyu, dada!"

Sijui hata leo nilishika kwa ajili ya nani. Kifundo kiliniuma hadi nikaona giza. Tulivuta mpaka kichwa kikatokea, kimelegea, midomo imebadilika rangi. Tukamlaza chini, mdogo wangu akambonyeza kifua na kumpulizia pumzi. Mwishowe mume wangu akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Mungu ni mwema," akanong'ona. Kisha akaniona. "Unashangaa nini? Leta maji!"

Nilikuwa nimeshageuka kwenda jikoni mdogo wangu aliponishika bega.

"Maji nampa mimi. Wewe kusanya nguo zako na za watoto. Mnakuja kwangu."

Tulipokuwa njiani kuwachukua watoto shuleni, nilikuwa nikigeuka nyuma kila baada ya hatua chache.

"Ulijua ni yeye aliyeniumiza mkono?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu naingia uani."

"Sasa kwa nini ulimvuta?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu asichokielewa.

"Si alikuwa anakufa, dada?"

Nilitembea kando yake, nikihesabu maneno yangu, nikiogopa asije akaniuliza na mimi nilikuwa nangoja nini pale kisimani.